Filta ya 0.22 inapitisha hewa vizuri, maji yamegoma. Naomba ushauri

MicheChupani
Habari za humu wakuu. Nina maabara ndogo ya kuzalisha miche kwa tishu. Mifuniko ya chupa zangu ina duara jeupe la utando wa PTFE (plastiki ya Tefloni) ili mimea ipumue bila vijidudu kuingia, na upande huo sina malalamiko. Sasa nimeanza kutumia GA3, homoni ya ukuaji wa mimea. Ukiiweka kwenye otoklevu (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke wa presha) sehemu yake huharibika, kwa hiyo inabidi niichuje ikiwa baridi.

Nikaagiza filta ndogo za kuchomeka kwenye bomba la sindano, PTFE hiyohiyo, vitundu vya maikroni 0.22 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Hewa inapita laini kabisa. Nikiweka maji, pistoni inakuwa ngumu na halitoki hata tone. Muuzaji akaniambia niongeze nguvu. Nikatoka kwenye bomba la mililita 20 nikaweka la mililita 3, filta ikaachia kwenye maungio na maji yakanirukia usoni.

Je, nimeuziwa feki? Nihamie 0.45 labda vitundu vitatosha? Na kuna aina moja inayofaa hewa na maji kwa pamoja? Nawasilisha.

MzeeWaPolima
Si feki mkuu, tena hiyo inaonekana nzima kabisa. PTFE ni polima inayokataa maji. Utando wake hutengenezwa kwa kuivuta plastiki ikiwa na joto hadi ifunguke; kwenye hadubini utaona vifundo vilivyoshikwa na nyuzi nyembamba mno, na kati yake ndiyo njia za hewa. Maji yakifika pale hayasambai kuingia ndani, yanabaki yamejikunja juu ya mdomo wa kila kitundu. Kuyalazimisha kunahitaji presha, na kadiri kitundu kinavyokuwa kidogo ndivyo presha inavyopanda.

Ndiyo maana inafaa kwenye mfuniko: mvuke ukitonesha matone, utando haulowi, na hewa inaendelea kupita. Kwa GA3 iliyo kwenye maji tafuta utando unaopenda maji. Wa PES, plastiki nyingine, ndio ningeanza nao, unapitisha haraka na haunasi sana kilichoyeyuka. Plastiki ya PVDF nayo ipo, lakini soma kifurushi kwa sababu inauzwa ya aina zote mbili, inayopenda maji na inayoyakataa. Namba ya 0.22 haikwambii chochote kuhusu hilo.

Kijana_wa_Benchi
Mbona rahisi tu. Pitisha ethanoli au isopropanoli kwanza kwenye hiyo PTFE, halafu fuatisha maji kabla haijakauka. Yanapita.

DadaMaabara
Yanapita kweli kaka, spiriti hulowesha PTFE na maji huifuata nyuma. Lakini matone ya mwanzo yana spiriti, itabidi uyamwage, na ukichelewa kidogo hewa ikaingia unarudi mwanzo. Kwa dharura sawa. Kwa kazi ya kila wiki, hapana.

MicheChupani, hiyo 0.45 achana nayo. Hata ikipitisha maji haikupi usafi unaoutaka. Miaka ya 1960 ilionekana kuna bakteria anayepenya 0.45, leo anaitwa *Brevundimonas diminuta*, na ndiye anayetumika kuzijaribu filta za 0.22: utando unamwagiwa angalau milioni 10 kwa kila sentimita mraba, na kinachotoka upande wa pili kisiwe na hata mmoja. 0.45 itumie mbele ya 0.22 kama kimiminika kimechafuka, ili 0.22 isizibe mapema. Na usitegemee 0.22 izuie virusi kwenye maji, wengi wao ni wadogo kuliko hapo.

Halafu jambo la bomba dogo. Nguvu ya kidole ni ileile, lakini eneo la pistoni likipungua presha inapanda. Bomba la mililita 3 linapasua filta ambayo la 20 lingeibakiza salama. Huyo muuzaji wako alikupa ushauri wa hatari. Vaa miwani.

Mgeni_Jukwaani
Samahani kuingilia. Kama 0.22 inaachia virusi kwenye maji, kwa nini kwenye hewa tunaambiwa inakamata hadi vitu vidogo zaidi ya hapo?

MzeeWaPolima
Swali zuri sana hili. Kwenye hewa, chembe ndogo mno haziendi moja kwa moja. Molekuli za hewa zinazigonga, zinayumba huku na huku, na katika kuyumba zinagusa nyuzi na kunata. Kubwa nazo zinashindwa kukata kona, zinajibamiza. Zinazosumbua ni za katikati, karibu na maikroni 0.3, ndiyo maana filta za HEPA (zile za kusafisha hewa kwa kiwango cha juu) hupimwa hapo: kipimo cha Marekani kinataka asilimia 99.97. Kwenye maji kuyumba huko ni hafifu sana, kwa hiyo ukubwa wa kitundu ndio unaobeba kazi kubwa.

Kijana_wa_Benchi
Kwa hiyo kwenye mifuniko naweza kukata kipande cha barakoa badala ya kununua utando?

DadaMaabara
Usijaribu. Ile ni polipropileni ya nyuzi zilizopewa chaji ya umeme, na chaji ndiyo inayofanya kazi kubwa. Ukiipulizia spiriti, jambo tunalofanya kila saa kwenye benchi, chaji inapotea na kwa macho huoni tofauti yoyote. PTFE haitegemei chaji, na joto la nyuzi 121 la otoklevu haliisumbui.

MicheChupani
Asanteni sana, naagiza PES. Swali moja la mwisho: nikimaliza kuchuja nitajuaje kama utando haukuchanika?

DadaMaabara
Usiitupe ikiwa bado imelowa. Vuta hewa mililita 10 kwenye bomba, chomeka filta, zamisha ncha kwenye maji, sukuma taratibu. Hewa ikibanwa hadi mililita 5 presha ya ziada ni baa 1 hivi (baa ni kipimo cha presha), ikifika 2.5 ni kama baa 3. PES nzima ya 0.22 iliyolowa vizuri huishikilia hewa hadi karibu baa 3.5. Mapovu yakitoka mfululizo mwanzoni tu, ile GA3 ichuje upya kwa filta nyingine.

Na usiichanganye kwenye chakula cha mimea kikiwa cha moto. Subiri kishuke hadi nyuzi 50 hivi, agari ikiwa bado haijaganda, ndipo utie na kukoroga.

MzeeWaPolima
Kama stoku yako (ile GA3 nzito ya kuanzia) umeyeyusha kwa viyeyushi vya DMSO au asetoni badala ya ethanoli, sema mapema, maana PES haivumilii hizo. Hapo ndipo ile PTFE uliyonayo ingefaa.