Acheni kumwita Yussuf Poulsen msaliti: mlango tuliufunga wenyewe

Ndugu wanajamvi, salaam.

Uzi huu nauandika nikiwa na hasira na sitaificha. Kila linapotajwa jina la Yussuf Poulsen, mshambuliaji aliyeichezea timu ya taifa ya Denmark, hujitokeza watu wakamwita msaliti aliyeikataa damu ya baba yake na kuikimbilia Denmark. Baadhi yao ni watu wazima wanaoufahamu mpira kuliko mimi. Nawauliza jambo moja: aliikataa Taifa Stars lini, na angeichezea kwa pasipoti ipi?

Poulsen alizaliwa Copenhagen tarehe 15 Juni 1994, mama Mdenishi, baba Mtanzania. Baba alifariki kwa saratani mtoto akiwa na miaka sita. Sasa mkumbukeni mtoto huyo alipokuwa mtu mzima, kwenye Kombe la Dunia la 2018, Denmark ikicheza na Peru mjini Saransk. Ni yeye aliyemwangusha Cueva wa Peru ndani ya eneo la hatari, penalti ikapaa juu ya lango, kisha dakika ya 59 akapokea pasi ya mwenzake Eriksen na kufunga goli pekee la mchezo. Mgongoni mwake hapakuandikwa Poulsen. Paliandikwa Yurary, jina la baba yake. Mtu aliyefiwa na baba akiwa mdogo kiasi hicho, akalibeba jina lake hadi kwenye mashindano ambayo Taifa Stars haijawahi kuyafikia, ndiye huyo mnayesema ameikana asili yake?

Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 haitambui uraia pacha kwa mtu mzima. Mtoto anaweza kuwa na uraia wa nchi mbili, lakini akitimiza miaka 18 ni lazima aukane ule wa nje, la sivyo wa Tanzania unakoma. Kwa Poulsen siku hiyo ilifika tarehe 15 Juni 2012, akiwa kijana wa klabu ya Lyngby ya Denmark ambaye mwaka uliofuata alihamia RB Leipzig, wakati huo ikiwa daraja la tatu Ujerumani. Pasipoti ya Denmark ndiyo iliyomruhusu kuhamia Ujerumani bila kuomba kibali cha kazi. Tulitaka aitupe, awe mgeni katika nchi ya mama yake aliyemlea peke yake, ndipo tumwone mzalendo?

Na msiniambie kwamba angekuja tu kwa mapenzi. FIFA inataka mchezaji awe raia wa nchi anayoichezea. Hata Hadhi Maalum, ile hadhi ya watu wenye asili ya Tanzania walio raia wa nchi nyingine, tunayosifiwa siku hizi kwamba ni zawadi kwa diaspora si uraia, kwa hiyo haimvishi mtu jezi ya Stars.

Sisemi kwamba uraia pacha ungetuletea Poulsen. Kenya iliuruhusu kwa Katiba ya 2010, na bado Divock Origi, ambaye baba yake Mike Okoth aliichezea Harambee Stars, alikwenda kwenye Kombe la Dunia la 2014 nchini Brazil akiichezea Ubelgiji. Lakini Origi alichagua kati ya milango miwili iliyokuwa wazi. Wa kwetu mlango mmoja ulikuwa na kufuli, na funguo tunazo sisi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Januari 2025 wachezaji watatu wa klabu yetu ya Singida Black Stars, kutoka Ghana, Ivory Coast na Guinea, walipewa uraia wetu. Siwalaumu, waliomba wakapewa. Ila wengi walioshangilia habari ile kwa kuwa timu itaimarika ndio haohao ambao mtoto wa Mtanzania mwenzao akizaliwa Ulaya humwita mzungu.

Mwenzenu jambo hili ninalo nyumbani. Dada yangu ameolewa Sweden, na mwanawe wa miaka 17 ni beki wa kushoto katika timu ya vijana huko. Agosti iliyopita alikuja likizo, akacheza na vijana wa mtaani kwenye kiwanja chetu cha mchanga hadi njumu zikaachia soli, na jioni akawa anazigundisha kibarazani. Mama yake alikuwa ametoka kuulizia suala la uraia katika ofisi moja, akajibiwa kwa mkato kwamba kijana achague. Mtoto akaniuliza, "Mjomba, nikiitwa Stars, ile pasipoti ya baba ni lazima niirudishe?" Nikamwambia ndiyo. Akaendelea kubana soli kwa vidole, hakuuliza tena.

Anatimiza miaka 18 mwezi Machi. Sweden inamruhusu kuwa na uraia wa nchi zote mbili, sisi hatumruhusu. Kwa hiyo wale mliozoea neno "msaliti", andikeni hapa chini majina ya wabunge wenu na siku mliyowaomba waifikishe hoja ya uraia pacha bungeni. Kama hamjawahi kuwaomba, liacheni jina la Yurary.