Kiwanja ni chake, sawa. Ila kivuli, upepo, vumbi na maji yake ya mvua katuletea sisi

Wakuu, nimevumilia mwaka na nusu. Leo naandika kwa hasira na sitaomba radhi.

Mtaani kwetu palikuwa na nyumba tatu za chini, zenye uzio mfupi na miti mbele. Zimenunuliwa, zimevunjwa, viwanja vimeunganishwa, sasa limesimama jengo la ghorofa 14. Kabla hamjaniambia mji lazima ukue: sipingi ghorofa. Watu wanahitaji pa kuishi, na heri kwenda juu kuliko kumaliza mashamba na misitu ya nje ya mji. Ninachopinga ni kwamba kibali kilihesabu kila kilicho ndani ya kiwanja, nguzo, ngazi, vyoo, maegesho, na hakuna aliyehesabu kinachotoka nje ya kiwanja na kumwagikia watu wengine.

Nianze na miti, maana hapo ndipo roho iliponiuma zaidi. Mbele ya kile kiwanja, kwenye ardhi ya barabara ambayo wala si yao, ilikuwepo mitatu. Miwili ilikatwa siku ya kwanza ili malori yapite. Wa tatu walisema wameuacha. Katapila likachimba shimo la msingi hatua mbili tu kutoka kwenye shina. Nilikwenda kuchungulia kwenye upenyo wa mabati: mizizi minene kama mkono wangu imekatwa, nyeupe ndani, bado mibichi, inaning'inia kwenye ukuta wa shimo. Watu wengi wanadhani mizizi inazama chini kama nguzo. Sivyo. Mingi inayofyonza maji imo kwenye udongo wa juu, kina kisichozidi mita moja hivi, na inatambaa mbali hata kupita ncha za matawi. Ukichimba karibu na shina, au ukirundika kokoto na kupitisha malori mpaka udongo ukashindiliwa, mti umeshauua. Utakaa na majani yake miezi kadhaa, kisha utaanza kukauka kileleni. Ndivyo ulivyokufa huu. Wakaja na msumeno wakisema ulikuwa mti mgonjwa!

Chini yake palikuwa na benchi la saruji, wazee walikuwa wanakaa kila alasiri. Benchi bado lipo. Halikaliki, linachoma.

Na msidhani joto hili ni hisia zetu. Luke Howard alipima joto la London na vijiji vyake mwanzoni mwa karne ya 19, akaona usiku wa mjini una joto kuliko wa shambani. Zege na lami hushika joto mchana, zikaliachia usiku. Mti unafanya kinyume: unaweka kivuli, na maji yanayotoka kwenye majani yanapoza hewa. Sisi tumetolewa kimoja tukaongezewa kingine, na juu yake viyoyozi vya jengo zima vimeelekezwa barabarani vinatupulizia hewa ya moto.

Maji ya mvua sasa. Hesabu hii haihitaji injinia: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Kile kiwanja kina kama mita za mraba 2,000, na wamekifunika chote, jengo na vitofali vya saruji, hakuna hata kipande cha udongo. Ikinyesha milimita 40, hizo ni lita 80,000, sawa na malori manane ya maji ya lita elfu kumi kila moja. Zamani sehemu kubwa ilinywewa na udongo wa zile bustani. Leo yote yanashuka kwa mabomba hadi kwenye mtaro uleule mwembamba uliochimbwa kwa ajili ya nyumba za chini, na mtaro ukijaa, maji yanaingia kwa jirani aliye bondeni. Mama mmoja pale ameinua kitanda chake juu ya matofali. Dawa yake inajulikana: tangi la kupokea maji ya paa na kuyaachia polepole, na sehemu ya kiwanja ibaki udongo. Hawakuweka, kwa sababu hakuna aliyewalazimisha.

Kuhusu upepo nilichekwa kwenye kikao cha mtaa. Jengo refu likisimama peke yake kati ya mafupi, upepo wa juu unagonga ukuta, unateremka mpaka chini, kisha unakimbilia pembeni kwa kasi. Mji wa Leeds, Uingereza, mwaka 2011 upepo wa namna hiyo uliangusha lori chini ya jengo la Bridgewater Place, likamuua mtu aliyekuwa akitembea. Na vioo je? London mwaka 2013, jengo la 20 Fenchurch Street, lenye ukuta wa kioo uliopinda, lilikusanya mwanga wa jua likayeyusha sehemu za gari lililoegeshwa. Wamiliki wakaja kuweka vizuizi vya jua baadaye. Nani alipima la kwetu?

Vumbi sitalisema sana, kila mtu analijua: nguo haziwezi kuanikwa, watoto wanakohoa. Turubai na kunyunyiza maji vingetosha kulipunguza.

Kinachonikera kila siku ni ule ukuta. Ghorofa ya chini yote ni maegesho, kwa hiyo mita 60 za mtaa ni ukuta mtupu, bila mlango, bila dirisha. Zamani ukipita usiku kulikuwa na taa za vibarazani na mtu wa kukusalimia. Binti yangu sasa anazunguka njia ndefu ili asipite hapo, na simlaumu.

Jiji la New York liliyaona haya zamani. Jengo la Equitable lilipokamilika mwaka 1915, limepanda wima kutoka ukingo wa barabara na kutupa kivuli mitaa kadhaa, watu walikasirika, na mwaka 1916 jiji likatunga kanuni za kulazimisha majengo yarudi nyuma kadiri yanavyopanda, mwanga ufike chini. Miaka zaidi ya 100! Sisi tunaambiwa tusubiri tuzoee.

Nimefungua uzi huu kwa sababu jana wameweka mabati upande wa pili wa barabara. Huko ndiko imebaki miti miwili, na asubuhi nimeikuta imepigwa rangi nyekundu kwenye shina. Aliyewahi kuweka pingamizi kabla msingi haujachimbwa, aniambie: ulidai nyaraka zipi, na ulianzia kwa nani? Nahitaji jibu wiki hii.