Mjadala: video za wasanii wetu Zanzibar, pesa hakuna au akili hakuna?

Jamani nauliza tu, simkusudii mtu. Msanii wa zenji flava, huu muziki wa vijana wa Zanzibar, ukimuuliza mbona video zenu zote sawa, atakwambia bajeti. Na kweli zote sawa: mlango wa Mji Mkongwe, droni juu ya Forodhani, ngalawa Nungwi jua linazama, msichana anageuka anacheka, basi imekwisha. Ukizima sauti hujui nyimbo ya nani.

Sasa watazameni OK Go, bendi ya Marekani. 2005 walicheza uani nyumbani kwa muimbaji wao, kamera moja imesimama tu, vijana wane na mtindo waloutunga na dadake. 2006 wakaja na mashine za kukimbilia za jim, nane, wanarukia hii wanashukia ile, mkupuo mmoja haikukatwa, na 2007 ikawapa Grammy. Droni iko wapi hapo? Wamefanya mazoezi mpaka ikakubali. Mie nasema hatukosi pesa, tunakosa mtu wa kukaa akafikiri kabla hajakodi kamera.

Wa Mkunazini: Umechagua zile rahisi bwana we. Ya 2010, ile mitambo kitu kinaangusha kitu mpaka mwisho, wafadhili State Farm, kampuni ya bima. 2016 wanaelea hewani ndani ya ndege, ndege wamepewa na S7 ya Urusi. Mwaka huohuo ile ya kuripuka ripuka, tukio zima sekunde 4.2 likavutwa likatosha nyimbo, hapo wamo Morton Salt, watu wa chumvi. Hapa kwetu mwenye hoteli atakupa pahala bure lakini anataka bwawa lake lionekane, ndo maana kila video ina bwawa.

Mwenye mada: Sawa, lakini tazama mpango wa hao OK Go, uani kwanza, wafadhili baadae. Sie tunataka tuanze na ndege.

Wa Wete: Nyie wa Unguja hebu niimbieni nyimbo moja tu ya hao OK Go. Hamuwezi, mnakumbuka mashine. Culture Musical Club, wale wa taarab, wamekaa vitini na fidla zao na kanuni, ile ala ya nyuzi, hatikisiki mtu, na bibi yangu anajua kila ubeti. Video ikiwa nzuri kuliko nyimbo basi umetengeneza sarakasi.

Wa Kwahani: Mie nnaona mnaliacha kubwa zaidi, video ni ya nani? Hao OK Go 2010 kampuni yao EMI iliwazuilia video zisiwekwe kwenye kurasa za watu wengine, na wao walijulikana kwa watu kurushiana video zao hivo hivo, wakagombana mpaka wakatoka wakafungua yao, Paracadute. Huku msanii hata paswedi ya chaneli yake hana, anayo meneja, wakikosana tu video zote zimekwenda. Akili utaitia wapi hapo?

Mwenye mada: Hilo la chaneli lafaa mada yake peke yake. Wa Wete, bibi yako alisikia redioni, kijana wa leo anaanza na simu, asipoona kitu anapita. Mbona Pemba mna mchezo wa ng'ombe, msanii asiuimbie mule mule uwanjani, mkupuo mmoja, hakuna kukata?

Wa Wete: Mkupuo mmoja na ng'ombe! Akikosea ubeti utamwambia ng'ombe turudie?