Kodi zetu zigharamie utafiti wa sayansi jamii na masomo ya uzamivu (PhD)? Tujadili

Mtoa mada
Wakuu, hotuba za afya siku hizi hazikosi namba hii: vifo vya uzazi Tanzania vimeshuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Namba hiyo haikutoka maabara. Ni kazi ya wadadisi waliopita nyumba kwa nyumba na madodoso mwaka 2022, na USAID, shirika la misaada la Marekani, ilikuwa miongoni mwa waliolipia, kupitia mpango wake wa DHS wa tafiti za afya na idadi ya watu. Februari 2025 Marekani ikausitisha mpango huo. Utafiti ujao analipa nani?

Anayelipa ndiye anayechagua swali. Mwanafunzi wa uzamivu wa sosholojia akikosa fedha hujiunga na mradi wa mfadhili, tasnifu ikafuata mradi. Ufadhili wa serikali wa Samia Skolashipu ni wa sayansi, na mikopo ya Bodi ya Mikopo inalenga zaidi shahada ya kwanza. Bajeti itenge fungu. Nawasilisha.

Mlipakodi
Mkuu, heshima yako, lakini tasnifu zinalala maktaba zinakula vumbi. Hela hiyo somesheni wahandisi wa maji.

Binti Songea
Mhandisi akishachimba kisima, kamati ya maji ikigombana pampu inakaa. Hapo utamwita mhandisi tena?

Na hilo vumbi lisikutishe, kaka. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Dar walitumwa kukusanya masimulizi ya wazee kuhusu Maji Maji. Wazee wale hawapo tena. Wasingefuatwa, vita ile tungeisoma kwa faili za Wajerumani tu.

Mzee wa Hoja
Mnaruka jambo. Fedha ya serikali ya utafiti hupitia COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na vibali vya utafiti vinatoka hukohuko. Julai 2018 Twaweza, shirika lisilo la serikali linalofanya kura za maoni, walitangaza kwamba kukubalika kwa Rais kumeshuka hadi asilimia 55, kutoka 96 mwaka 2016. Siku chache tu, barua ya COSTECH hiyo: jielezeni, mlifanya utafiti bila kibali. Mwaka huohuo Sheria ya Takwimu ikafanya kupinga takwimu rasmi kuwa kosa la jinai, hadi ilipolegezwa 2019. Mfadhili mmoja akilikataa swali lako, unabisha hodi kwa mwingine. Serikali ikilikataa?

Mtoa mada
Mzee wangu, Twaweza walikuwa na fedha za wafadhili wa nje, na barua iliwafika vilevile. Hela ya nje haikuwakinga. Kwa hiyo tutenganishe: COSTECH ibaki na vibali, fedha ziende moja kwa moja vyuoni, kamati ya wanataaluma ishindanishe maandiko ya kuomba fedha za utafiti, na majina ya waliopata na waliokosa yatangazwe pamoja na sababu.

Mlipakodi
Kama majina yatatangazwa, hapo naanza kusikiliza.

Mzee wa Hoja
Mimi bado. Wajumbe wa hiyo kamati atawateua nani?