Hesabu za dawa: mwanafunzi wa uuguzi apite kwa 100 tu, au nusu yatosha?

Mkufunzi, Unguja:
Assalaam alaykum. Hoja yangu hii, pingeni: mwanafunzi asishike bomba la sindano wodini mpaka apate 100 kwa 100 kwenye hesabu za dawa. Masomo mengine apite kwa 50, sina neno. Chukua gentamaisini, dawa ya kuua bakteria. Mtoto mchanga wa kilo 3.2 kaandikiwa miligramu 5 kwa kila kilo, jumla 16. Kichupa cha miligramu 80 ndani ya mililita 2 kina 40 kwa mililita, unavuta 0.4. Kichupa cha miligramu 20, nacho cha mililita 2, kina 10 tu kwa mililita, unavuta 1.6. Aliyekariri 1.6 akashika cha 80, kampa mtoto miligramu 64. Mara nne! Na dawa hii hudhuru figo na masikio.

Mkunga, Pemba:
Wa alaykum salaam. Mwalimu, mfano wako unakupinga mwenyewe. Huyo hakukosea hesabu, hakusoma lebo. Karatasini lebo umeshamsomea wewe, atapata 100 yako vizuri tu.

Njoo kwenye kifafa cha mimba. Dozi ya kuanzia ya magneziamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, ni gramu 4 kwenye mshipa, zikiwa asilimia 20, kisha gramu 5 kila tako. Kichupa ni cha asilimia 50, mililita 10, yaani gramu 5. Unavuta mililita 8, unaongeza 12 za maji ya sindano, unapata 20, unasukuma polepole kwa dakika 5 hivi. Anayeharibu humaliza kichupa chote, au husahau kuchanganya, maana mama anatetemeka na ndugu wanapiga kelele mlangoni. Halafu kila baada ya saa 4, kabla ya gramu 5 nyengine: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti liruke likigongwa, mkojo usiwe chini ya mililita 30 kwa saa. Kimoja kikikosekana, dozi inasimama, na kalsiamu glukoneti, dawa ya kuzima sumu ya magneziamu, iwe tayari pembeni. Swali gani la hesabu linapima hayo?

Mtoa dawa, Wete:
Nyote mnasahau mwandishi wa cheti cha dawa. Ukiandika .4 bila sifuri mbele, itasomwa 4. Ukiandika 4.0, nukta ikififia ni 40. Nesi atapiga hesabu sawasawa juu ya namba mbovu. Mtihani uwe na cheti kimoja chenye kosa, na alama apewe anayekataa kutoa dawa.

Mwanafunzi, mwaka wa tatu:
Shikamooni. Dripu nazo tunafundishwa fomula moja: ujazo mara matone ya mpira wa dripu kwa mililita, gawa kwa dakika. Lita 1 kwa saa 8, mpira wa matone 20 kwa mililita, jibu 42 kwa dakika. Tunaandika 42 kama sala. Wodini ukipewa ule mpira wa watoto wa matone 60, hiyo 42 inapitisha mililita 42 kwa saa, na lita moja inakwenda karibu saa 24. Hakuna aliyetuambia tusome kwanza pakiti ya mpira.

Mkufunzi, Unguja:
Marahaba. Hapo nimekubali: karatasi peke yake haitoshi. Lakini bibi mkunga, asiyejua kwamba asilimia 50 ni gramu 50 kwa mililita 100, hata akisoma lebo hadi kesho ataona namba tu. Nusu haitoshi, hilo silirudishi.

Mkunga, Pemba:
Basi weka toroli ya dawa kwenye mtihani. Vichupa vilivyopitwa na wakati, vya nguvu tofauti, vimechanganywa. Mabomba ya mililita 1, 2, 5 na 20, maana 0.4 kwenye bomba la 5 ni kubahatisha. Cheti kimoja kibovu, kama alivyosema mwenzetu wa Wete. Avute, amwite mwenzake akague, aseme kwa sauti anachotoa. Hapo nakupa 100 yako. Lakini kwanza tuambie, aliyeanguka mara tatu unamrudisha mwaka mzima, au unamwacha aendelee na masomo mengine bila kugusa dawa?

Mkufunzi, Unguja:
Aendelee, bila kugusa dawa.

Mtoa dawa, Wete:
Na zamu ya usiku, nesi mmoja wodi nzima, nani atamzuia asiguse?