Wakuu, historia ya sheria za Uingereza inanitoa jasho, nianzie wapi?

mgeni_wa_desa: Habari wakuu, niko mwaka wa kwanza sheria, wiki mbili zijazo nina testi na desa limejaa majina ya sheria za kale, Clarendon, Merton, Westminster, nikikremu usiku asubuhi hamna kitu. Komon loo na sheria zilizotungwa zinatofautianaje pale mwanzoni, maana zote naona zinatoka kwa mfalme? Na hao wafalme wa zamani wanatuhusu nini sisi?

kobe_mzee: Dogo shika stori moja tu. 1166 mfalme Henry II kule Clarendon akaagiza kila eneo litoe watu 12 waape wataje nani ni mwizi, nani muuaji. Ukitajwa unafungwa kamba unashushwa kwenye maji yaliyobarikiwa na padri, ukizama uko safi, ukielea umeisha, maji yamekukataa. Na hata ukizama, kama jina lako limeoza mtaani unapewa siku 8 uvuke bahari uhame nchi, labda upepo ugome. Sasa 1215 Papa akakataza mapadri kushiriki, majaji wa mfalme wanaozunguka mikoani wakabaki hawana pa kushika, taratibu wakaanza kuwauliza walewale majirani, huyu kafanya au hajafanya? Ndo juri hiyo. Hakuna aliyekaa akaitunga, imeota humohumo kazini. Hiyo ndo komon loo.

dada_wa_kortini: Kobe kaeleza vizuri. Ila watuhumiwa wengine wakawa wanagomea juri, na bila ridhaa yao kesi haiendi. 1275 sheria ya Westminster ya mfalme Edward I ikasema jambazi anayejulikana akigoma awekwe gereza gumu. Hapo umeona mazoea ya mahakama yamekwama, sheria iliyoandikwa ikaja kuyasukuma. Jibu hivyo kwenye pepa, mdogo wangu.

tozi_la_sheria: Msimdanganye mtoto wa watu, miaka inaulizwa! Na kutuhusu inatuhusu, komon loo, ekwiti (kanuni za haki za kujazia pale komon loo inapopungua) na sheria zao zilizotungwa za matumizi ya jumla zilizokuwa zinatumika Uingereza tarehe 22/7/1920 ndo tulizopokea Tanganyika, mahakama zetu bado zinaitaja hiyo tarehe. Kenya wao 12/8/1897.

mgeni_wa_desa: Asanteni sana wakuu, nimeanza kuelewa. Ila kobe, huyo aliyezama akaonekana safi, wakichelewa kumvuta je?

kobe_mzee: Anazikwa akiwa hana hatia 😂