Majirani Chumbageni, Tanga: ukumbi wa rola wa White City

Saumu: Shikamooni wakubwa. [picha] Postikadi hii ni ya bustani ya White City, Chicago. Vijana wa viatu vya magurudumu hapa mtaani wanauliza: ni kweli palikuwa na ukumbi wa rola humo? Umekwenda wapi? Na Fundi Bakari, kile kiwanja chetu kitupu kinaweza kuwekwa sakafu kama ile?

Mwl. Hemedi: Marahaba Saumu. Ulikuwepo. White City ilikuwa bustani ya burudani kusini mwa Chicago, kona ya Mtaa wa 63 na South Park Avenue. Ilifunguliwa Mei 26, 1905. Jina lilitoka kwenye maonyesho makubwa ya 1893 yaliyofanyika jirani na hapo, ambako majengo yalipakwa nyeupe na kumulikwa kwa umeme usiku kucha. Ule mnara wa taa kwenye picha unafuata mtindo huohuo.

Bi Zuhura: Mtaa wa 63! Barabara zetu za namba za Ngamiani hazijafika hata nusu yake 😄

Mzee Mhina: 1893 ndipo Wajerumani walipoanza kutandika reli hapa Tanga kuelekea Usambara. Na hiyo 1905 reli ikafika Mombo. Wenzetu wanajenga bembea, sisi tunabebeshwa mataruma.

Mwl. Hemedi: Ndiyo hivyo Mzee. Sasa, bustani nyingi za Marekani za enzi zile zilijengwa na kampuni za tramu, mwishoni mwa njia. Jumapili mabehewa yalikuwa yanakwenda matupu, wakaona wawawekee watu sababu ya kupanda: bembea, dansi, ukumbi wa rola. White City nayo iliishi kwa abiria wa tramu na wa treni ya juu. Watu waliponunua magari wakawa wanakwenda kokote, na mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ukamalizia. Michezo ya nje ikang'olewa kidogo kidogo. Ukumbi wa rola ukabaki.

Bi Zuhura: Kwa nini huo ubaki na mengine yafe?

Mzee Mhina: Paa, Bi Zuhura. Chicago ina theluji miezi kadhaa, na gari la milima la mbao, lile la kupanda na kushuka kwa kasi kwenye reli, halifanyi kazi wakati huo, ila fundi lazima alipwe kukagua boriti na bolti, rangi ipakwe, bima ilipwe. Ukumbi wa rola unahitaji sakafu, paa, keshia, mtu wa muziki na fundi mmoja wa kukaza viatu vya kukodisha. Unaingiza pesa Januari na Julai sawasawa. Mimi nasema bustani ilikufa kwa sababu ilitegemea hali ya hewa na nauli, na ukumbi haukutegemea vyote viwili.

Saumu: Na hao vijana wa jirani waliingia wote?

Mwl. Hemedi: Hapo ndipo penyewe. Hawakuingia wote. Kusini mwa Chicago kulijaa Wamarekani weusi waliohama kutoka majimbo ya kusini, lakini mlangoni pa ukumbi walirudishwa. Na kisheria haikuruhusiwa! Jimbo la Illinois lilikuwa na sheria tangu 1885 inayokataza kubagua watu kwenye hoteli, kumbi na sehemu za burudani.

Juma Baiskeli: Sasa walipitaje hapo?

Mwl. Hemedi: Kwa hila ya "klabu". Mweusi akifika anaambiwa leo ni usiku wa wanachama, kadi yako iko wapi? Mweupe akifika bila kadi anakatiwa tiketi. Mwaka 1942 vijana weusi na weupe wa CORE, shirika la kutetea usawa wa rangi lililoanzishwa Chicago mwaka huohuo, James Farmer akiwa mmoja wa waasisi, wakaijaribu hila hiyo hadharani. Weupe wanaingia bila kuulizwa kadi, weusi wanaulizwa, na wote wanashuhudia. Hiyo ndiyo njia ya kuivunja hoja ya "klabu": unahitaji watu wa pande zote mbili, waliovaa sawa, wamefika saa ileile, wenye pesa ileile mfukoni, ili isibaki sababu nyingine isipokuwa rangi. Kesi, kisha kusimama nje na mabango. Mlango ulifunguliwa kwa wote 1946.

Bi Zuhura: Miaka minne kwa ajili ya kuzunguka ukumbini.

Mzee Mhina: Si kuzunguka Bi Zuhura. Ni tiketi.

Mwl. Hemedi: Na sasa jibu la "umekwenda wapi". Kwenye eneo la bustani zilijengwa nyumba za Parkway Gardens, kati ya 1950 na 1955, za ushirika wa Wamarekani weusi wenyewe. Michelle Obama aliishi hapo akiwa mtoto mchanga. Na South Park Avenue siku hizi inaitwa kwa jina la Martin Luther King.

Saumu: Ahsante Mwalimu. Nimesoma pia habari ya ndege kubwa ya gesi?

Mwl. Hemedi: Wingfoot Air Express. Iliundwa kwenye banda la White City, ikashika moto angani Julai 21, 1919 na kuangukia benki katikati ya mji. Walikufa watu 13. Ila hiyo haihusiani na rola, tusimchanganye Fundi.

Fundi Bakari: Nipo nasoma. Salaam alaykum wote. Tuanze na sakafu za kumbi za Marekani, ndipo mjue kwa nini siikubali kwa Chumbageni.

Kumbi nzuri zilitandikwa mbao za mepo, mti mgumu wa nchi za baridi. Vibao vyembamba vya ulimi na mfereji, kama dari la T&G, msumari unapigwa mshazari kwenye ulimi ili kichwa kisionekane. Msumari ukichomoza milimita moja tu, gurudumu la mbao linakatika na mtu anakwenda na uso.

Watu huzunguka kinyume cha mshale wa saa. Ukitandika vibao vyote kwa mwelekeo mmoja, pande ndefu wanakwenda na ubao, lakini kwenye kona wanakata viungo kwa mshazari, na ncha za vibao zinabanduka. Ndiyo maana kumbi za gharama zilizungusha vibao pembeni vifuate mwendo wa watu. Kazi ya seremala mwenye subira, kila kibao kinachongwa kivyake.

Ubao hutanuka kwa upana, kwa urefu karibu hautanuki. Kwa hiyo unaacha nafasi ukutani, sentimita 1.5 hadi 2, unaifunika kwa kibao cha pembeni. Usipoiacha, msimu wa unyevu sakafu inainuka katikati kama mgongo wa ng'ombe.

Juma Baiskeli: Na hapa kwetu unyevu ni mwaka mzima.

Fundi Bakari: Ndiyo tatizo. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 75 hadi 80, ubao hutulia ukiwa na maji asilimia 14 hadi 16. Mbao za kumbi zile zilikaushwa hadi asilimia 6 hadi 9. Ukileta zile hapa zitavimba zote. Tiki ya Longuza ingestahimili vizuri zaidi, na mchwa hauipendi, lakini ina mafuta, vanishi haishiki mpaka uifute kwa spiriti kwanza upake siku hiyohiyo. Na bila paa ni kutupa hela.

Saumu: Kwa hiyo zege?

Fundi Bakari: Zege. Lakini si zege la kumwaga na kupiga niru, ule uji wa saruji, kesho yake! Niru ikiwekwa juu ya zege lililokwisha kukauka haishikani nalo. Inatoa sauti ya utupu ukiigonga, baada ya miezi inabanduka vipande. Uso unalainishwa zege likiwa bado bichi, maji ya juu yakishanyauka. Ukilainisha maji yakiwa bado yanaelea, uso unakuwa dhaifu na kutoa vumbi daima. Na vumbi ndilo linaloangusha watoto.

Kiwanja cha mita 20 kwa 10, unene sentimita 10, ni mita za ujazo 20. Uwiano wa saruji, mchanga na kokoto ni 1:1.5:3. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, mchanga ndoo mbili na nusu za lita 20, kokoto ndoo tano. Mifuko kama 160 kwa yote. Maji lita 25 kwa mfuko ndiyo mwisho, na mchanga ukiwa umelowa punguza. Vijana wa kuchanganya wanapenda kuongeza maji ili lisukumike kirahisi, hapo ndipo nyufa zinapoanzia.

Bi Zuhura: Mchanga wa pwani uko jirani na ni wa bure.

Fundi Bakari: Hapana dada yangu. Chumvi inavuta unyevu, inatoa unga mweupe juu, na kukiwa na nondo inazila. Mchanga wa mto. Chini ya zege shindilia udongo, kifusi sentimita 10, kisha nailoni nzito, mapishano ya sentimita 30.

Kukata viungo: grinda la diski ya zege, kina sentimita 2.5, kila mita 2.5 pande zote mbili. Ukate ndani ya siku ileile au alfajiri inayofuata. Ukingoja siku tatu, zege litakuwa limeshajichagulia lenyewe pa kupasukia. Kumwagilia siku 7, magunia yaliyolowa juu. Mteremko sentimita 1 kwa kila mita kwa upande mmoja tu, maji yatoke na mguu usihisi. Weka rula ya mita 3 juu yake: pengo likizidi milimita 3, paguse tena kabla halijakauka.

Juma Baiskeli: Upande wa viatu niongezee. Chombo kile cha magurudumu manne kinachopinda ukiegemea ni cha James Plimpton wa New York, hataza ya 1863. Ukiinamisha mguu, raba ndani inabonyea na ekseli zinageuka. Raba hiyo ndiyo vijana hawaiangalii! Ikikauka kwa jua inapasuka, kiatu kinapinda upande mmoja tu. Badilisha zote nne, si moja.

Beringi za chuma ziliingia na Richardson, hataza ya 1884. Kabla ya hapo ekseli ilisuguana na gurudumu, wakitia mafuta, mafuta yakidondoka sakafuni mtu anateleza. Magurudumu ya mbao yaliendelea muda mrefu, ya yurethani yakaenea miaka ya 1970.

Viatu vingi sasa vina beringi 608: tundu milimita 8, kipenyo cha nje 22, unene 7. Jozi moja ya viatu ina 16. Kwa hewa ya bahari kutu inaingia upesi. Toa kifuniko, osha kwa mafuta ya taa, kausha kabisa, tone moja la mafuta ya cherehani. Msitie grisi ya baiskeli, inavuta vumbi na kulizuia gurudumu. Na nati ya gurudumu isikazwe hadi mwisho, ikae na mchezo mdogo.

Saumu: Magurudumu yenyewe laini au magumu kwa zege la Fundi?

Juma Baiskeli: Soma namba ya ugumu ubavuni, ikiwa kubwa gurudumu ni gumu zaidi. 78A hadi 85A ni ya nje. 95A kwenda juu ni ya ukumbini, kwenye zege lenye viungo yatakutikisa meno.

Mzee Mhina: Fundi, nani ataingia? Isije ikawa ya wenye viatu tu.

Fundi Bakari: Hilo mkae kikao Mzee. Mimi nahitaji vipimo. Saumu, kesho shika futi ndefu, pima pande nne na mishazari yote miwili; pande zinazotazamana zikilingana na mishazari ikilingana, pembe za kiwanja ni za mraba. Kisha mwageni ndoo mbili za maji katikati, mnipigie picha yanakoelekea.